Ukuta Kabla ya Vali: Historia ya Jitihada za Kuimarisha Visima vya Mafuta na Gesi Wakati wa Uchorongaji, 1859–2010

Utangulizi

Historia ya uchorongaji wa mafuta na gesi imezoeleka kuandikwa kama historia ya mitambo. Mnara wa mbao ulifuatwa na mnara wa chuma, patasi iliyoning'inizwa kwa kamba ikafuatwa na kekee inayozungushwa, na hatimaye mdomo wa kisima ukawekewa vali nzito zenye uwezo wa kuufunga wakati wa hatari. Katika masimulizi hayo kisima chenyewe, yaani tundu lililomo ndani ya mwamba, ni kama hakina historia. Makala haya yanauangalia upande huo. Hoja yake ni kwamba suala lililowasumbua wachorongaji tangu mwanzo halikuwa kwanza namna ya kuufunga mdomo wa kisima, bali namna ya kuuzuia ukuta wake usibomokee ndani wala usipasukie nje. Aidha, makala yanadai kwamba maafa mawili makubwa ya baharini, Ixtoc mwaka 1979 na Macondo mwaka 2010, ambayo hukumbukwa zaidi kwa vali zilizoshindwa kufanya kazi, yalianzia kwenye ukuta.

Istilahi mbili zinahitaji maelezo. Magazeti ya Kiswahili huita tukio la kisima kushindwa kudhibitiwa "mlipuko wa kisima". Neno hilo linapotosha kidogo, kwa kuwa mlipuko ni matokeo tu, na visima vingi vimewahi kutapika mafuta kwa miezi bila kulipuka. Hapa linatumika neno "mfoko", kutokana na kitenzi kufoka, kama chungu kinavyofoka jikoni. Istilahi ya pili ni "tope la kuchorongea", yaani kimiminiko kinachosukumwa chini kupitia ndani ya bomba la kuchorongea na kupanda juu kupitia nafasi iliyo kati ya bomba hilo na ukuta wa kisima.

Mantiki ya kazi hiyo si ngumu kuielewa. Mwamba ulio chini sana ya ardhi umebeba uzito wa miamba iliyo juu yake, na hubanwa pia kutoka ubavuni. Tundu linapochorongwa, mzigo uliokuwa ukibebwa na mwamba ulioondolewa huhamia kwenye ukuta wa tundu. Kinachobaki kuuegemeza ukuta huo ni safu ya tope iliyojaa ndani ya kisima. Safu hiyohiyo ndiyo inayozuia maji, mafuta au gesi iliyomo katika vinyweleo vya mwamba isiingie kisimani. Ikiwa nyepesi mno, mwamba humeguka na kuangukia ndani, bomba hukwama, au gesi huingia. Ikiwa nzito mno, ukuta hupasuka na tope hukimbilia kwenye nyufa. Mchorongaji hufanya kazi yake yote kati ya mipaka hiyo miwili. Nafasi hiyo nitaiita "upenyo".

Kutoka bomba la Drake hadi tope la Beaumont

Kisima cha Edwin Drake kilichopata mafuta Titusville, Pennsylvania, tarehe 27 Agosti 1859, kilikuwa na kina cha futi 69.5 tu, yaani karibu mita 21. Kinachokumbukwa ni mafuta. Hata hivyo, mchango wa Drake kwa somo letu ni mwingine. Udongo na kokoto za ukingo wa kijito zilikuwa zikilifukia tundu lake kila lilipochimbwa, naye akaamua kugongelea bomba la chuma kutoka juu hadi kwenye mwamba mgumu, futi 32 chini, kisha akachoronga kupitia ndani ya bomba hilo. Kwa maneno mengine, kabla ya kupata mafuta ilimbidi apate ukuta.

Mbinu ya Drake, ya kuinua na kuangusha patasi nzito kwa kamba, iliendelea kutawala Marekani kwa miongo kadhaa. Ilifaa mahali penye mwamba mgumu unaoweza kusimama wenyewe. Tundu liliachwa karibu tupu, likiwa na maji kidogo ya kulainisha vipande vya mwamba. Ukuta ulipoanza kubomoka, bomba liliteremshwa. Katika mfumo huo hapakuwa na safu yoyote ya kuizuia gesi, na kila kisima kilichofikia tabaka lenye nguvu kilikuwa lazima kifoke.

Wazo la kupitisha kimiminiko kisimani lilikuwapo tayari Ufaransa katika miaka ya 1840, ambako Fauvelle, akifanya kazi Perpignan, alisukuma maji kupitia vyuma vyenye tundu ili yapande na vipande vya mwamba. Lakini Fauvelle alitaka kusafisha tundu tu. Kuligeuza tope kuwa nguzo ya ukuta kulitokana na uhitaji, na mahali panapotajwa zaidi ni kilima cha Spindletop karibu na Beaumont, Texas.

Huko, mhandisi Anthony Lucas aliwaajiri ndugu wa ukoo wa Hamill, waliokuwa na mtambo wa kuzungusha, wachoronge kupitia mchanga laini ambao juhudi za awali zilikuwa zimeshindwa kuupita. Maji matupu hayakusaidia; mchanga uliendelea kuporomoka. Inasimuliwa kwamba waliingiza ng'ombe kwenye dimbwi ili wavuruge udongo wake, kisha wakasukuma maji hayo mazito kisimani. Habari ya ng'ombe imerudiwa mara nyingi kiasi kwamba mtafiti anapaswa kuipokea kwa tahadhari, kwani ina ladha ya simulizi linalopendeza kusimuliwa. Lililo muhimu ni kwamba tope lilitumika, na mchanga ukatulia. Udongo laini hujipaka ukutani kama lipu, huziba vinyweleo, na huliwezesha tope lililobaki kuusukuma mwamba badala ya kupenya ndani yake.

Tarehe 10 Januari 1901, kisima kikiwa kimepita futi 1,000, wachorongaji walikuwa wakirudisha bomba chini baada ya kubadilisha kekee. Tope likaanza kuchemka mdomoni, kisha bomba lenyewe likarushwa nje, likafuatwa na gesi na mafuta. Mafuta yalipanda zaidi ya futi 100 angani na yalikadiriwa kutoka kwa kiwango cha mapipa 100,000 kwa siku. Siku 9 zilipita kabla ya kisima kufungwa. Tope lilikuwa limeushinda mchanga, lakini halikuwa na uzito wa kuishinda gesi. Kazi mbili za safu moja hazikuwa zimetenganishwa katika fikra za wakati ule, na kwa kuwa mfoko ulileta utajiri, hakuna aliyekuwa na haraka ya kuzitenganisha. Picha za Spindletop ziliuzwa kama ishara ya neema.

Kisima cha Lakeview, katika Wilaya ya Kern, California, kilionyesha mwisho wa mantiki hiyo. Kilifoka kuanzia Machi 1910 hadi Septemba 1911, na kadirio linalotajwa ni mapipa yapatayo milioni 9, ambayo sehemu kubwa ilipotea. Kilichokisimamisha hakikuwa vali wala ustadi wa mtu: sehemu ya chini ya kisima iliporomoka na kujiziba yenyewe. Uporomokaji wa ukuta, adui mkubwa wa mchorongaji, ndio uliofanya kazi ambayo binadamu walikuwa wameishindwa kwa miezi 18.

Uzito unapokuwa sayansi

Mabadiliko ya mtazamo yalianzia kwenye hasara ya gesi. Mwaka 1914 Ofisi ya Madini ya Marekani ilichapisha kazi ya Heggem na Pollard kuhusu uchorongaji wa Oklahoma kwa kutumia maji yenye tope, iliyoonyesha kwamba matabaka ya gesi yangeweza kuzibwa kwa tope badala ya kuachwa yapumue hewani. Miaka miwili baadaye Lewis na McMurray waliandika kwa upana zaidi juu ya suala hilohilo. Katika machapisho hayo tope linaanza kutajwa kwa uzito wake, si kwa wingi wake tu.

Udongo wa kawaida, hata hivyo, una kikomo. Ukiongezwa mno, tope huwa zito kama uji na pampu hushindwa kulisukuma. Jibu lilipatikana Louisiana mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika eneo la gesi la Monroe, ambako B. K. Stroud, aliyekuwa ofisa wa serikali ya jimbo, alipendekeza kuchanganya unga wa madini mazito. Alianza na oksidi ya chuma, iliyopaka kila kitu rangi nyekundu, kisha baraiti, madini yenye uzito unaozidi mara 4 ule wa maji. Hataza yake ilitolewa mwaka 1926. Tangu hapo iliwezekana kuongeza uzito wa tope bila kulifanya lisipite kwenye pampu.

Mwaka huohuo wa 1926, James Abercrombie na Harry Cameron wa Texas walipewa hataza ya kifaa chao, walichokibuni mwaka 1922, chenye taya mbili za chuma zinazolibana bomba kutoka pande mbili na kuufunga mdomo wa kisima. Hiki ndicho chanzo cha vizuia mfoko vya leo. Vitabu vya historia ya mafuta vimewapa Abercrombie na Cameron kurasa nyingi, na Stroud mistari michache. Sababu ni rahisi kuikisia: taya za chuma zinaweza kuwekwa katika jumba la makumbusho, na gunia la baraiti halivutii macho. Lakini kwa utaratibu wa kazi, taya ni kinga ya pili. Hutumika tope linaposhindwa. Kizazi kilichofuata kilizoea kuziita zote "vifaa vya usalama", na mpangilio wa kipi hutangulia kipi ukafifia katika lugha, hasa nje ya duru za wahandisi.

Jambo moja linastahili kukaziwa hapa. Uwezo wa kuongeza uzito ulileta hatari mpya ambayo mchorongaji wa mwaka 1901 hakuwa nayo. Kabla ya baraiti, tope lilikuwa hafifu zaidi kuliko lilivyohitajika; baada yake, lingeweza kuwa zito kupita kiasi. Mpaka wa chini wa upenyo ulijulikana kwa uzoefu. Mpaka wa juu ulijulikana pale tu tope lilipotoweka.

Ukuta unapasuka wapi?

Hesabu ya kujibu swali hilo ilikuwapo kabla ya Spindletop. Mwaka 1898 mhandisi Mjerumani Kirsch alichapisha maelezo ya jinsi msukumo unavyojigawa kuzunguka tundu la duara katika bamba linalovutwa. Kwa mujibu wa hesabu zake, kuna sehemu za ukingo wa tundu ambako msukumo huongezeka hadi mara 3. Kirsch hakuwa akifikiria visima. Ilichukua miaka 59 hadi M. King Hubbert na David Willis, mwaka 1957, walipoitumia hesabu hiyo kueleza kwa nini na kwa mwelekeo upi ukuta wa kisima hupasuka. Walionyesha kwamba ufa hufunguka upande ule ambao mwamba unabanwa kidogo zaidi, na kwamba kwa hiyo, katika maeneo mengi, ufa husimama wima badala ya kulala, tofauti na ilivyodhaniwa na wengi wakati huo.

Miongo miwili iliyofuata ilikuwa na tija kubwa. Hottman na Johnson, mwaka 1965, walionyesha jinsi mgandamizo wa vinyweleo unavyoweza kukadiriwa kutokana na vipimo vya umeme na sauti vilivyochukuliwa katika miamba ya udongo ya pwani ya Ghuba ya Meksiko. Eaton alitoa mwaka 1969 fomula ya kukadiria mgandamizo unaoupasua mwamba. Sasa mipaka yote miwili ya upenyo iliweza kuchorwa kwenye karatasi kabla ya kekee kugusa ardhi. Mwaka 1979 Bradley akaongeza mwelekeo: kisima kinacholazwa hakihimili sawa na kisima kilichosimama, kwa sababu uzito wa miamba ya juu hukiangukia ubavuni, na uzito wa tope uliofaa wima unaweza kuwa mdogo mno kinapoinama.

Upande wa kemia ulikwenda sambamba, ingawa makala haya hayataukalia sana. Miamba ya udongo hunywa maji ya tope, huvimba na kumeguka, hata pale uzito wa tope ulipokuwa sahihi. Matope ya mafuta na yale yenye chumvi ya potasiamu yalibuniwa kupunguza tatizo hilo.

Maarifa hayo hayakumaliza mifoko. Gassi Touil, katika jangwa la Algeria, kisima cha gesi kilifoka na kuwaka moto Novemba 1961. Moto huo haukuzimwa hadi tarehe 28 Aprili 1962, na Red Adair na watu wake, kwa baruti. Dunia ikamkumbuka mzima moto.

Campeche, 1979

Kisima cha Ixtoc I kilichorongwa na shirika la taifa la Meksiko, Pemex, katika Ghuba ya Campeche, mahali penye maji ya kina cha mita 50 hivi. Mwanzoni mwa Juni 1979, kikiwa kimefika takriban mita 3,600, tope lililosukumwa chini liliacha kurudi. Ukuta ulikuwa umelipa njia. Hali hiyo, ambayo wachorongaji huiita kupotea kwa mzunguko, ina hatari isiyoonekana kwa haraka: tope likikimbilia nyufani, kimo cha safu hushuka, na safu fupi ina uzito mdogo. Kisima kilichokuwa na tope zito mno asubuhi kinaweza kuwa na tope jepesi mno jioni, bila mtu kubadilisha mchanganyiko.

Uamuzi uliochukuliwa ulikuwa kuling'oa bomba ili kisima kizibwe. Wakati wa kung'oa, tope lilianza kupanda. Tarehe 3 Juni kisima kilifoka. Taya za kukata ziliposhinikizwa, zilikutana na sehemu nene ya mabomba, ambayo hazikuwa na uwezo wa kuikata. Mtambo uliwaka na kuzama, na kisima hakikufungwa hadi tarehe 23 Machi 1980, baada ya mapipa yanayokadiriwa kuwa milioni 3 kumwagika.

Simulizi la kawaida la Ixtoc huanzia kwenye taya na bomba nene. Kwa maoni ya mwandishi, huko ni kuanza hadithi katikati. Taya ziliitwa kazini kwa sababu safu ilikuwa imepungua, na safu ilipungua kwa sababu ukuta ulikuwa umepasuka.

Macondo, 2010

Kesi ya pili ina kumbukumbu nyingi zaidi, kwa kuwa Tume ya Taifa iliyoundwa na Rais wa Marekani ilitoa ripoti yake Januari 2011. Kisima cha Macondo kilikuwa katika Ghuba ya Meksiko, chini ya maji ya kina cha takriban mita 1,500. Mahali kama hapo upenyo huwa finyu kwa asili: sehemu kubwa ya mzigo ulio juu ya mwamba ni maji, ambayo ni mepesi kuliko mawe, kwa hiyo mwamba hupasuka mapema, ilhali mgandamizo wa vinyweleo haupungui kwa kiasi hichohicho.

Mpango ulikuwa kuchoronga hadi futi 20,200. Tarehe 9 Aprili 2010, kisima kikiwa kimepita futi 18,000, tope lilipotea tena nyufani. Wahandisi walifanikiwa kuziba nyufa, lakini walitambua kwamba upenyo ulikuwa umekwisha: tope lenye uzito wa kuyazuia mafuta lilikuwa karibu kuupasua mwamba. Uchorongaji ulisimamishwa kwa futi 18,360. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Maamuzi yaliyofuata yalitokana na hofu ileile ya kupasua ukuta: saruji ilichanganywa na naitrojeni ili iwe nyepesi, kiasi chake kilipunguzwa, na ilisukumwa polepole. Kila hatua iliulinda ukuta, na kila hatua ilipunguza uhakika wa saruji.

Tarehe 20 Aprili ulifanyika mtihani wa kuangalia kama saruji imeziba. Mgandamizo wa kisima ulipunguzwa makusudi, ili ionekane kama kitu chochote kitaingia. Bomba la kuchorongea likaonyesha pauni 1,400 kwa inchi ya mraba, wakati bomba dogo la pembeni lilionyesha sifuri. Yalitolewa maelezo ya kuipatanisha tofauti hiyo, na mtihani ukahesabiwa umefaulu. Tope zito likaondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na maji ya bahari. Usiku huo watu 11 walikufa. Taya za kukata zilishindwa kuziba, kwa kuwa bomba lilikuwa limepinda na kuwa nje ya katikati. Mafuta yalizuiwa tarehe 15 Julai, baada ya siku 87.

Ni kweli kwamba mtihani ulisomwa vibaya, na ni kweli kwamba vali ilishindwa. Lakini historia ya Macondo inayoanza saa za jioni ya tarehe 20 inaacha nje siku 11 ambazo kila uamuzi ulikuwa jibu kwa ukuta dhaifu. Waliofanya maamuzi hayo hawakuwa wajinga wa kazi ya Hubbert na Eaton. Walikuwa na takwimu za upenyo mbele yao, na walizitumia kwa uangalifu kwa hatari moja, ya kupasuka, hadi hatari nyingine ikawa nje ya macho.

Kumbukumbu za upenyo katika Afrika Mashariki

Suala hili si la ghuba za mbali pekee. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa na AGIP mwaka 1974 na ile ya Mnazi Bay mwaka 1982, zote katika maeneo ya pwani na visiwa. Ugunduzi wa Zafarani wa mwaka 2012, uliofanywa na Statoil katika Kitalu namba 2 cha Tanzania, ulikuwa chini ya maji ya kina cha mita 2,582, kina kinachozidi cha Macondo kwa zaidi ya mita 1,000. Nchini Uganda, visima vya Kingfisher, ambavyo uchorongaji wake ulizinduliwa Januari 2023, huanzia ufukweni na kulala chini ya Ziwa Albert, yaani katika mazingira yaleyale ambayo Bradley aliyafanyia hesabu mwaka 1979.

Kwa mwanahistoria, swali linalofuata ni la nyaraka. Vali huacha kumbukumbu rahisi: cheti, tarehe ya majaribio, namba ya kiwanda. Ukuta huacha kumbukumbu moja tu, taarifa ya tope ya kila siku, ambayo kwa kawaida huandikwa na fundi mmoja kwenye zamu na kusomwa na wachache. Uchunguzi wa Macondo uliweza kurudi nyuma hadi tarehe 9 Aprili kwa sababu taarifa za aina hiyo zilikuwapo na tume ilikuwa na mamlaka ya kuzidai. Sheria ya Petroli ya Tanzania ya mwaka 2015 iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Mkondo wa Juu wa Petroli, na mtafiti atakayeandika historia ya visima vya kina kirefu vya pwani hii atahitaji, kabla ya ripoti zote za mwaka na hotuba zote za uzinduzi, karatasi yenye safu tatu za tarakimu: uzito wa tope lililoingia, uzito wa lililotoka, na idadi ya mapipa ambayo hayakurudi.